Fedha za Karamu Yetu Tuzipeleke Wapi?

(Maneno ya mwanachama mmoja katika mkutano wa maandalizi ya siku ya wanafunzi wa zamani, Moshi. Yanachapishwa kwa ombi la waliohudhuria.)



Nimepewa robo saa, na nimekwisha onywa kwamba kengele ya Katibu haina huruma. Basi niingie katika jambo lenyewe. Kamati imetuletea pendekezo kwamba karamu ya jioni mwezi wa Juni ifanyike katika ukumbi wa hoteli kama miaka iliyopita. Mimi nimesimama kulipinga. Sina ugomvi na hoteli yoyote. Vitambaa vyao ni vyeupe na wahudumu wao wana adabu. Ninachoomba ni kwamba jioni ile moja tuitumie mjini na vitongojini, kwanza kwa mama ntilie, halafu kwa wapika mbege, tukila, tukinywa na kulipa fedha taslimu kama mteja mwingine yeyote.

Naona wengine wanacheka. Chekeni, lakini msiondoke.

Iko hesabu ambayo haimo katika daftari la mhasibu wa shule. Serikali ilifuta ada za sekondari miaka ya 1960, na sisi tuliosoma baada ya hapo hujigamba kwamba tulisomeshwa na Taifa. Ni kweli. Lakini Taifa halikununua sanduku la bati. Halikununua shuka mbili, sabuni ya mche, kandambili, wala nauli ya basi la kuja na la kurudi. Katika nyumba nyingi za mlimani kahawa ilikuwa mali ya baba. Ilipelekwa chamani, na tangu KNCU ilipoanzishwa mwaka 1933 malipo yake yalifuata msimu na taratibu za chama, wala hayakufuata shida za mtoto. Ndizi zilikuwa mikononi mwa mama. Yeye ndiye aliyekata mkungu akaupeleka sokoni kichwani, au akauivisha akapika mbege. Fedha yenyewe ilikuwa ndogo, lakini ilipatikana wiki hadi wiki, na mtoto aliyeleta barua ya shule siku ya Jumatano hakuambiwa angoje mavuno.

Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya kugawiana mauzo ya kahawa yalipovunjika, bei ilianguka vibaya. Waliokuwa na wadogo zao shuleni miaka ile wanakumbuka. Wako waliong'oa mibuni wakapanda nyanya. Ndizi haikuuliza bei ya London. Iliendelea kuzaa, na pipa la mbege likaendelea kuchemka nyuma ya nyumba, na wadogo zetu wakamaliza kidato cha nne. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mbege si jambo la kuzungumzwa katika mkutano wa wasomi, namwuliza usomi wake ulipanda basi kwa nauli ya nani.

Sasa, wako vijana hapa waliomaliza shule juzi juzi, waliozaliwa mjini, ambao mbege wameiona kwa jirani tu. Wao naomba wanivumilie nieleze kazi ilivyo, maana wengi hudhani ni ndizi zilizooza katika ndoo.

Ndizi za pombe hukatwa zikiwa zimekomaa, zikafunikwa mpaka ziive hasa. Humenywa, zikachemshwa kwa saa nyingi hadi zigeuke rangi na kuwa nyekundu ya udongo. Kisha huachwa siku kadhaa zichachuke zenyewe. Hiyo ndiyo nyalu. Upande wa pili ulezi hulowekwa, ukafunikwa mpaka uchipue, ukaanikwa juani, ukasagwa. Huo ndio kimea. Kimea hupikwa kama uji mwepesi, tunaouita mso, na humo hutiwa maji ya magome ya msesewe, mti ambao ndio unaoipa mbege uchungu wake. Nyalu huchujwa, ikachanganywa na mso, ikalala. Kesho yake inanyweka. Siku ya pili imekuwa kali. Baada ya hapo ni siki, na hata mzee mwenye kiu hataigusa.

Fundi wa kiwandani ana shayiri iliyochipuzwa, ana hopsi za uchungu, na ana kipimajoto. Mama ana ulezi, ana msesewe, na ana kidole anachochovya katika pipa. Msesewe ukizidi, pombe haimezeki. Ukipungua, inakuwa tamu ya kitoto. Ulezi ukichipua kupita kiasi, mso haupati utamu. Baridi ya mlimani ikiingia, chachu inalala, na mpikaji lazima ajue kuongeza muda. Hayo yote hayakuandikwa popote pale kilabuni. Yamo kichwani mwa mwanamke ambaye labda aliacha shule darasa la nne. Mimi nimefundishwa kemia na mwalimu mzuri aliyeketi hapa mbele, na namwomba radhi kusema kwamba sijui mwenzetu hata mmoja wa darasa lile awezaye kupika pipa moja likafanana na la wiki iliyopita.

Ndugu Mwenyekiti, uzito wa hoja yangu uko hapa: mbege haisubiri. Kreti la bia hukaa ghalani miezi, na lisipouzwa leo litauzwa Pasaka. Mama akipika pipa la Jumamosi na wateja wasije, Jumatatu analimwaga au anawapa nguruwe. Ulezi amekwisha ununua, na ulezi mwingi siku hizi hautoki kihambani. Unatoka mbali, Singida na hata Rukwa, kwa bei ya mfanyabiashara. Kuni amekwisha zinunua. Mwisho wa Desemba, wenzetu wa Dar es Salaam na Arusha wanapopanda mlima kwa ajili ya Krismasi, pipa halifiki jioni. Ikifika Juni vilabu vinapiga miayo. Sisi tunakutana Juni. Tunapita na magari yetu mbele ya kilabu kisicho na mtu, tunakwenda hotelini kula kuku, na baada ya kuku mtu husimama akatoa hotuba ndefu juu ya kudumisha mila.

Tuseme tuko watu 80, na kila mmoja ametoa shilingi 20,000. Hizo ni shilingi 1,600,000. Hotelini nazo zitalipa mishahara ya watu, sikatai. Lakini zigawe kwa akina mama wanane au kumi, uone zinavyotembea kabla ya Jumatatu: huyu amemlipa mwenye kuni, yule amelipa deni la ulezi, mwingine amenunua mikungu mitatu kwa jirani aliyekuwa hana mteja. Wala hakuna aliyepewa sadaka. Kila mmoja ameuza kitu alichokitengeneza, na sisi tumeshiba. Chama chetu hupenda sana kutoa misaada, na misaada ni mizuri, lakini mwenye biashara humheshimu mteja kuliko mfadhili. Mfadhili huja na kamera.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini tunaona haya. Si kwa sababu mbege ni kitu duni. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Moshi ya Kale tangu mwanzo wa karne ya 20 na kuandika kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachaga mwaka 1926, alikuta pombe imo katika kila jambo zito: kuposa, kupatanisha, kumaliza kesi, kumkumbuka marehemu. Mzee alikuwa na fungu lake, na aliyekosa fungu alijua amekosewa. Haya yetu naona imetoka kwingine. Kwa sehemu kubwa ya utawala wa kikoloni Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa kwa uhuru kama Mzungu. Ilikuwa kinywaji cha wakubwa. Basi mlango ulipofunguliwa, kushika chupa kukawa ni kama kushika cheti. Karani alikunywa chupa, mkulima alikunywa kata. Sisi wa sekondari tulikuwa tunatengenezwa kuwa makarani, na sheria ya bweni ilikataza hata kupita njia ya vilabuni. Sheria ile ilikuwa na sababu zake, nami sitaki leo ibadilishwe kwa wanafunzi. Lakini sisi hatuko bwenini tena, na bado tunapita njia nyingine.

Cha kuchekesha ni kwamba wenye chupa wenyewe wamerudi nyuma. Uingereza, mwaka 1971, watu wanne walianzisha chama cha kutetea bia ya jadi, CAMRA, baada ya kuona makampuni makubwa yanaua bia za mitaani na kuleta moja isiyo na ladha kila mahali. Hawakuvunja kiwanda. Kazi yao kubwa ilikuwa kwenda jioni katika nyumba zinazouza bia ile, kuinywa, kuilipia, na kuwaambia wenzao iko wapi. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, makampuni ya bia nchi nzima hayakufika 100. Mwaka 1978 Rais Carter alitia saini sheria iliyowaruhusu watu kutengeneza bia nyumbani, na kutoka jikoni humo wakatokea watengenezaji wadogo wadogo. Leo viwanda vinazidi 9,000, vingi vyao ni vya mtaa mmoja. Mtu wa kule sasa anakwenda kwa jirani, anamwuliza shayiri imetoka wapi, anasifu uchungu wake, na analipa zaidi ya bei ya chupa ya kiwanda kikubwa. Watalii wanaopanda Kibo ni watu haohao. Wakishuka wanapelekwa kuonja mbege, wanaipiga picha, wanailipia vizuri. Inakuwaje mgeni ajue thamani yake na mtoto wa mpikaji aulize kama hapa kuna bia baridi?

Najua maneno yatakayosemwa nikikaa, maana mengine yamekwisha semwa kule nje karibu na birika la chai.

La ulevi ndilo zito, nami silichezei. Kila mmoja wetu ana ndugu au rafiki aliyemalizwa na pombe, na mbege nayo ni pombe. Kipo kilabu kinachofunguliwa asubuhi na kukuta vijana wenye nguvu wamekaa pale tangu alfajiri. Kilabu cha namna hiyo nisingekwenda, wala nisingempeleka mtu. Lakini tutofautishe vitu. Gongo ni jambo jingine. Sheria ya kuizuia kuitengeneza kiholela ni ya mwaka 1966, na humo inaitwa moshi, jina ambalo sisi wa mji huu tumelichukua bila kosa lolote. Viroba navyo tulivyoviona, vile vifuko vya pombe kali ambavyo mtoto alikuwa akitia mfukoni mwa kaptura, Serikali ilivipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, na ilifanya vyema. Kenya, mwezi wa Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu na kuwapofusha wengine. Mbege haikenekwi. Ni nzito kama uji, inajaza tumbo, na lita moja humchukua mtu muda mrefu kuimaliza kwa mazungumzo. Wala nisisikie kwamba kilabu cha heshima kikifa watu watakunywa chai. Vilabu vya akina mama wazee vinapofungwa, kinachoingia mahali pake ni kile kilicho rahisi kubeba na kikali zaidi. Kilabu kizuri kina mwenyewe, anayejua nani amekwisha kunywa vya kutosha na anayekubali kumwambia, "Baba, nenda nyumbani, mama anakungoja." Chupa haisemi hivyo.

La sheria ni fupi. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inazitambua pombe za kienyeji na kuzitolea leseni. Tutakwenda kwa wenye leseni tu, katika saa zilizoruhusiwa. Na la usafi ni fupi pia: twende mchana tukaangalie kabla ya kuchagua. Mama mpishi hufurahi kuulizwa. Mahali pa desturi huonja kwanza mbele ya mteja, na hapo utajua anaiamini kazi yake.

Wako wenzetu Waislamu, wako waliookoka, wako waliokatazwa na daktari. Hao wasidhani nimewasahau. Ndiyo maana nimesema chakula kwanza, na kwa kweli kama ingekuwa lazima kuchagua kimoja, ningechagua chakula. Mama ntilie wa mji huu hajapata kusifiwa inavyostahili. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia watalii kuja na wapagazi wa mlimani wakakosa kazi, wateja wake wa kila siku ndio waliotoweka kwanza. Aliuza sahani nusu, akauza kwa mkopo, akafunga wiki mbili na kufungua tena. Sikusikia harambee ya mtu yeyote kwa ajili yake.

Angalieni anavyopika. Mtori, ndizi zilizopondwa na nyama mpaka ziwe laini kabisa, ambao mama mzazi hulishwa apate nguvu na ambao humfaa pia mzee asiye na meno. Naona wachache humu wataufurahia kwa sababu hiyo. Machalari yenye mifupa. Wali wa mchele wa Mabogini, kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Lower Moshi, mradi uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Wajapani. Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, aliyekaangwa mpaka mkia unavunjika kama biskuti, na ugali, na mchicha. Sahani yote ile imetoka mahali ambapo ukipanda juu ya paa la bweni letu unaweza kuonyesha kwa kidole, ukiondoa chumvi na mafuta. Kuku wa hoteli mwaka jana aliletwa akiwa barafu. Sikuuliza alikotoka, na yeye hakusema.

Basi nimefikiri namna ya kulifanya jambo hili lisiwe vurugu. Watu 80 wakimvamia mama mmoja kwa pamoja watamharibia siku, na wateja wake wa kila jioni watakosa pa kukaa. Tugawanyike kumi kumi, na kila kumi wachanganywe miaka, asije mtu akakaa na darasa lake tu wakirudia vichekesho vilevile. Tuanze saa 11 jioni. Kila kundi liwe na mtu mmoja asiyekunywa, ambaye ndiye ataendesha gari, na saa 3 usiku wote wawe wamerudi. Bei ni ile iliyoandikwa ukutani au inayotajwa na mwenyewe. Asitokee mkubwa wa kuomba apunguziwe kwa sababu tuko wengi. Tuchukue noti ndogo ndogo, maana mama hana chenji ya noti ya 10,000 kwa kila mtu. Na hotuba zisiwepo. Hata yangu. Tukae, tule, tuwaulize habari za biashara, na tukisikia kwamba msesewe siku hizi unapatikana kwa shida kwa sababu miti huchunwa magome mpaka inakauka, hilo liwe neno la mkutano wa mwaka kesho. Shule yetu ina ardhi, na vijana wa kilimo wana mikono.

Yako pia mambo ambayo hatutayamaliza kwa jioni moja. Wasichana wachache sana wanataka kurithi kazi hii. Wanaona mama zao macho mekundu kwa moshi wa kuni, wanaona hasara ya Jumatatu, wanakwenda kuuza vocha za simu. Siwalaumu hata kidogo. Msichana atachagua pipa siku atakapoona pipa linalipa, na kwamba watu wenye suti hawalikwepi. Hilo la pili tunaliweza sisi, tena bila kamati ndogo.

Ndugu Mwenyekiti, namwona Katibu ameshika kengele. Nimekwisha zungumza na akina mama watatu wa upande wa Kiboriloni na wawili wa Majengo, na wote wako tayari. Mmoja aliniuliza kama ni kweli tutakuja au ni maneno ya wasomi. Ombi lao ni moja: waambiwe idadi ya watu wiki mbili kabla, na wapewe nusu ya fedha ya ulezi, kwa sababu ulezi lazima ulowekwe, uchipue na kukauka, na nyalu haiharakishwi. Naomba kura ipigwe sasa kwa kunyoosha mikono. Watakaokwenda wamwandikishe Katibu majina yao kabla ya chai, wakitaja nani anakula mtori na nani perege.